Msinunue Injini Bila Waya Zake

Kuna ubishi mmoja hauishi pale kijiweni nyuma ya mabweni: Vitz ya 1.3 ikifa injini, urudishe ileile au uweke ya 1.5? Wenzetu wa uhandisi huumaliza haraka. "Ukishashusha injini weka kubwa, kwa nini ulipe fundi halafu upate kilekile?" Na mimi nilikuwa upande huo, tena kwa sauti kubwa, ingawa nasoma ualimu na spana nilikuwa nazishika kwa kukodolea macho tu. Mwaka huu nimehama upande. Naandika haya kwa sababu najua humu chuoni tupo wengi ambao nyumbani kuna gari dogo, na gari hilo ndilo linalobeba ada.

La kwetu ni Toyota Vitz ya mwaka 2000, injini 2NZ-FE, gia boksi otomatiki ya gia nne. Kaka analitumia kusambaza mayai ya mama kutoka Kibaha hadi maduka ya Mbezi na Kimara. Mkopo wangu wa Bodi haufiki ada yote, kinachopungua kinatoka kwenye trei za mayai. Mwezi wa tatu mpira wa rejeta ulipasuka njiani. Taa nyekundu ya joto ikawaka, kaka akasema ngoja nifike tu dukani kwanza. Alifika kweli. Lakini silinda hedi ilikuwa imeshapinda, injini ikaanza kugonga, na kesho yake gari likawa banda la kuku.

Nikapiga simu nyumbani na hekima zangu za kijiweni: tuweke 1NZ. Na wazo lenyewe si la kijinga, niseme ukweli. 2NZ na 1NZ ni ndugu wa tumbo moja. Kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 75. Tofauti iko kwenye mwendo wa pistoni: milimita 73.5 kwa 2NZ na 84.7 kwa 1NZ, ndiyo maana moja ina sentimita za ujazo 1298 na nyingine 1496. Zote mbili zinatumia cheni ya taimingi, siyo mkanda. (Muuzaji akikuambia ununue na mkanda wa taimingi wa 1NZ, muage kwa heshima.) Zimejaa mjini kwa sababu zimefungwa kwenye magari mengi tunayopanda kila siku, IST zikiwemo.

Kwa hiyo tukachanga, kaka akaenda mjini, akarudi na 1NZ safi, imeoshwa mpaka inang'aa. Bei nzuri. Pamoja nayo kontroli boksi ndani ya mfuko wa rambo, na waya zilizokatwa kwa koleo kama shubiri moja kutoka kwenye kila soketi.

Shida ikaanzia hapo. Injini ile ilitoka kwenye gari la CVT, lile lenye gia boksi ya mkanda isiyo na gia za kuhesabu. Muuzaji hakusema na sisi hatukuuliza. Kontroli boksi yake imetengenezwa ili iongee na CVT, sasa ukiiunganishia gia boksi ya gia nne ni kama kumpa mwalimu wa Kifaransa kipindi cha hesabu: wote ni walimu, lakini darasa halitaelewa kitu. Halafu akselereta ya injini hiyo ni ya umeme. Ya kwetu inavutwa na waya kutoka kwenye pedeli, na kwenye ile mpya hapakuwa hata na pa kuunasia huo waya.

Fundi wetu ni mtu mvumilivu. Alihamisha kifaa cha kuingizia hewa kutoka injini ya zamani, akatumia waya za zamani na kontroli boksi ya 2NZ. Gari likawaka. Tukashangilia. Lakini kontroli boksi ya 1.3 inapima mafuta ya 1.3, haijui kwamba imefungwa kwenye kitu kikubwa zaidi. Sailensa ikawa inapanda na kushuka yenyewe, taa ya cheki injini haizimi, na mafuta yakawa yanaisha kama yanamwagwa. Wiki tatu zikaisha hivyo. Wateja wa mayai hawasubiri wiki tatu. Mama alipoteza maduka mawili, na mimi nilifanya majaribio ya katikati ya muhula huku nikiwaza kama jina langu litakuwepo kwenye orodha ya mitihani.

Msimamo wangu basi ni huu: anayenunua injini hanunui chuma, ananunua seti. Injini, gia boksi, waya zote zikiwa nzima mpaka kwenye soketi ya mwisho, kontroli boksi, sensa zake, na kama akselereta ni ya umeme, na pedeli yake pia. Vyote vitoke kwenye gari moja. Ukiweza kupata gari lililokatwa mbele likaletwa zima, hapo ndipo pa kuweka pesa. Ukikosa seti ya injini kubwa, rudisha ileile uliyokuwa nayo. Hata usijadili.

Wenzangu wa uhandisi watasema kosa halikuwa la 1NZ, ni letu. Nakubali kabisa. Ile 1.5 iliyofungwa kwenye Vitz RS za kizazi kilekile, yenye akselereta ya waya na gia nne, ikiwa na kila kitu chake, ingekaa vizuri. Itafute uipate sasa. Na hata ukiipata nitakuuliza: hizo sentimita karibu 200 za ziada unazipeleka wapi? Mayai hayataki mbio.

Kuna mtego mwingine wa familia hiyohiyo, 1NZ-FXE. Ukiiona kwa haraka herufi zinafanana, na bei inaweza kukuvutia. Hiyo ni ya Prius, imetengenezwa kufanya kazi pamoja na mota ya umeme. Haina stata wala oltaneta kama tulivyozoea, kwa sababu kwenye Prius mota ndiyo inayoiwasha. Soma namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, usisome karatasi iliyobandikwa na duka.

Kinachoniuma ni kwamba haya yote nilikuwa nayajua kwa jina lingine. Sisi wa ualimu huwezi kuingia darasani bila azimio la kazi na andalio la somo, mkaguzi atakurudisha mlangoni. Lakini nyumbani kwetu tulibadili injini kwa maneno ya simu. Mara ya pili nilikwenda mwenyewe na daftari. Nikakaa na fundi kwenye benchi la gereji, yeye anataja, mimi naandika, tukaigawa orodha sehemu mbili: vinavyokuja na injini, na vinavyonunuliwa vipya dukani.

Hivyo vipya ndivyo watu wanavyobana pesa, na ndivyo vinavyorudisha gari gereji. Injini ikiwa chini, sili ya oili ya nyuma ya krenkshafti ni kitu kidogo tu. Ikianza kuvuja baada ya kufungwa, inabidi gia boksi ishuke tena na fundi alipwe upya. Weka pampu ya maji, themostati, plagi, mkanda wa oltaneta na raba za injini kama zimechanika. Oili ya gia boksi iwe ile iliyoandikwa kwa gia boksi hiyo, maana ya CVT na ya gia nne haziingiliani. Na rejeta, jamani. Gari liliuawa na rejeta na mpira wake, halafu kaka alitaka kuirudisha ileile! Hapo nilipandisha sauti mpaka mama akaingilia.

Dukani nilichungulia kwenye mdomo wa oili kwa tochi ya simu. Tope zito jeusi maana yake mwenyewe hakuwa anabadili oili. Rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia. Fundi akatoa plagi na kupima mgandamizo wa kila silinda. Muuzaji alinuna, fundi akapima. Zote nne zilikaribiana. Tungekuta moja imeanguka peke yake, tungeaga.

Ya pili ilikuwa 2NZ yenye kila kitu chake, na iligharimu laki nne zaidi ya ile ya kwanza. Ilifungwa kwa siku mbili. Hizo laki nne mama alizikopa kwenye kikoba, na bado anazirudisha.

Halafu kuna karatasi, ambazo kijiweni hakuna anayezitaja. Kadi ya gari imeandikwa namba ya injini. Ukibadili injini, hata kwa ileile ya 2NZ, namba inabadilika na kadi inakuwa inazungumzia gari lingine. Omba risiti ya EFD, namba ya injini iandikwe humo, kisha peleka taarifa TRA kadi irekebishwe. Duka la kwanza lilitupa kipande cha karatasi chenye muhuri usiosomeka. Nilirudi nacho kuomba angalau tubadilishiwe injini, nikaambiwa spea za mtumba hazirudishwi, mdogo wangu, we nenda kasome.

Nimesoma. Ile 1NZ iko gereji Kibaha chini ya turubai, kavu, na kontroli boksi yake iko ndani ya mfuko wake wa rambo. Kama nyumbani kwenu kuna gari la CVT lililokufa injini, lenye waya zake nzima, nitafute maktaba, ghorofa ya pili. Njoo na fundi wako na kipimo chake, sisi hatununi.