Simba Akivamia Zizi, Mkuki Hausaidii

Shemeji yangu hufuga mbuzi kule Kitengela. Usiku mmoja simba aliingia zizini mwake na kuua wanne. Alipotusimulia mkasa huo tukila chakula cha mchana, kifungua mimba wangu, aliye kidato cha pili, alidakia: “Mjomba, mbona hukumfuata ukamchoma mkuki?”

Shemeji alicheka kicheko kisicho na furaha. “Mpwa wangu, simba angekufa, nami ningeozea jela.”

Alisema kweli. Uwindaji wa wanyama pori ulipigwa marufuku nchini mwaka wa 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, ikakaza kamba zaidi. Awe simba, chui au fisi, mnyama msumbufu hushughulikiwa na maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Hao ndio huamua kama atafukuzwa, atanaswa ahamishwe, au, ikibidi kabisa, atapigwa risasi.

Sheria hiyo haikumwacha mfugaji mikono mitupu. Mifugo iliyouawa inapaswa kulipiwa kwa bei ya soko, baada ya kamati ya kaunti kuthibitisha hasara. Mtu akiuawa, familia yake hustahili Sh5 milioni. Lakini kuna sharti ambalo wengi hawalijui: mfugaji aliyezembea kulinda mifugo yake anaweza kunyimwa fidia.

Taabu ni kwamba simba huja kwa kuruka, fidia huja kwa mwendo wa kobe. Hapo ndipo hasira hupanda. Mwaka wa 2012, simba sita waliuawa Kitengela baada ya kula mbuzi. Mei 2023, simba 10 waliuawa katika Kaunti ya Kajiado kwa muda wa juma moja hivi, akiwemo Loonkito, dume la miaka 19. Mbuzi hawakufufuka.

Nasi wa mjini tusiwahukumu wafugaji tukiwa tumeketi kwenye sofa zetu. Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, haina ua upande wa kusini ili wanyama wapate njia. Aprili 2025, msichana wa miaka 14 aliuawa na simba karibu na mbuga hiyo. Ni mzazi gani angelala usingizi baada ya hayo?

Basi afanyeje mfugaji? Kijana mmoja wa Kitengela, Richard Turere, alijibu swali hilo akiwa na miaka 11 tu. Aligundua kuwa simba huogopa mwanga unaotembea. Akaunganisha betri ya gari, paneli ya sola, balbu za tochi na kifaa cha indiketa ya pikipiki. Taa zikawa zinawaka na kuzimika kuzunguka zizi, na simba akadhani kuna mtu anayepiga doria. Ubunifu huo ukasifiwa hadi ng’ambo.

Mbuzi wakishambuliwa, piga ripoti siku hiyo hiyo na mizoga isiondolewe kabla ya kukaguliwa. Nayo serikali ikumbuke kwamba aliyemkataza mtu mkuki ana deni la kumlipa upesi.

Likizo ijayo kifungua mimba wangu ataenda Kitengela kumsaidia mjomba wake kufunga taa. Kinga ni bora kuliko tiba.