Uzima wa Samaki Si Dhamana ya Mkono

Tangi la kioo lenye samaki si kitu kigeni tena katika miji yetu. Laonekana sebuleni, hotelini, na katika baadhi ya maabara za shule za sekondari, ambako lina faida kubwa: mwanafunzi aliyesoma kitabuni habari za mapezi na matamvua huviona vikifanya kazi mbele ya macho yake. Tena baadhi ya samaki wapendwao sana na wafugaji wa ulimwenguni ni wenyeji wa maziwa yetu ya Tanganyika na Nyasa. Sina neno juu ya samaki hao. Neno langu ni juu ya umeme uwafuatao humo majini. Pampu ya hewa, chujio, taa na hita ya kupashia maji joto aghalabu hupokea umeme wa volti 230 au 240, na vyote hukaa ndani ya maji au shubiri chache tu kutoka maji yalipo.

Watu wengi hujituliza kwa hoja mbili. Ya kwanza husema: samaki ni wazima, basi maji ni salama. Ya pili husema: hata umeme ukivuja, fyuzi itakatika. Nakusudia kuonyesha kuwa hoja zote mbili ni potofu, na kwamba tangi lenye umeme halifai kuwekwa nyumbani, wala shuleni, pasipo kifaa cha kukata umeme unapovuja.

Tuanze na samaki. Mkondo wa umeme haupiti mahali ila pana tofauti ya volti kati ya ncha mbili, na pana njia ya kupitia. Ndege atuaye juu ya waya mmoja wa umeme hadhuriki, kwa kuwa miguu yake yote miwili i katika volti ile ile. Hali ya samaki ni hiyo hiyo. Tuseme hita imepata ufa, na waya wake wenye umeme umegusana na maji. Tangi ni la kioo, nalo limekaa juu ya meza ya mbao; kioo na mbao kavu havipitishi umeme kwa urahisi. Basi maji yote yamepanda hadi karibu na volti 230, lakini mkondo hauna pa kwendea. Samaki huogelea na kula chakula chao kama kawaida. Ndipo aja mtu, miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji iliyolowa, atumbukize mkono ili aokote jani lililooza. Mtu huyo ndiye njia iliyokuwa imekosekana. Mkondo wapita mkononi, kifuani, miguuni, hadi ardhini. Kwa hiyo samaki si mashahidi wa kutegemewa. Wao wamo ndani ya hatari pasipo kuionja.

Sasa tuipime hoja ya fyuzi kwa hesabu ambayo kila mwanafunzi wa fizikia aiweza. Ukinzani wa mwili hutofautiana baina ya watu, na ngozi iliyolowa hukinza kidogo kuliko ngozi kavu. Kwa makadirio tuuchukue kuwa omu 1,000. Tukigawanya volti 230 kwa omu 1,000, twapata ampea 0.23, yaani miliampea 230. Mkondo wa miliampea 1 mtu huweza kuuhisi. Ukifika kama miliampea 10 na zaidi, misuli ya mkono hukaza hata mtu akashindwa kuachia alichokishika. Makumi kadhaa ya miliampea, yakipita kifuani kwa muda, yaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua. Nayo fyuzi ya plagi je? Mara nyingi ni ya ampea 13. Kiasi hicho ni zaidi ya mara 56 ya mkondo tuliokwisha kuukadiria. Mtu atakufa, na fyuzi haitakuwa hata na joto la kutambulika. Fyuzi haikuundwa kumlinda mtu. Iliundwa kulinda waya usiungue na kuteketeza nyumba.

Kifaa cha kumlinda mtu kipo, wala si kipya. Katika miaka ya 1950 mhandisi Henri Rubin wa Afrika Kusini alishughulikia kifaa cha namna hiyo kwa ajili ya migodi ya dhahabu. Huko Marekani, Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California aliyechunguza kwa miaka mingi kiasi cha mkondo anachoweza kukistahimili binadamu, alibuni kifaa chake mwaka 1961. Jinsi kifanyavyo kazi ni rahisi kueleweka. Mfikirieni karani wa ghala ahesabuye magunia yatokayo na yarudiyo. Katika mzunguko mzima, mkondo uendao kwenye kifaa kwa waya mmoja ni sawasawa na urudio kwa waya wa pili. Ikiwa urudio umepungua, basi kuna mahali unakovuja, na huenda unapita katika mwili wa mtu. Kikatizi kitumikacho sana majumbani hukata umeme upungufu ufikapo miliampea 30, tena kwa sehemu ndogo ya sekunde, kabla moyo haujavurugika.

Wapo watakaosema kuwa tangi la samaki ni anasa ya wachache, na kwamba fedha za shule zina kazi nyingine. Nawajibu kuwa kikatizi kimoja kikifungwa kwenye ubao wa umeme chaweza kulinda soketi zote za maabara, si ile ya tangi pekee. Tena tujiulize ni nani autiaye mkono majini. Shuleni si mkuu wa shule. Ni mtoto wa watu aliye zamu ya kulisha samaki na kubadili maji. Shule isiyoweza kununua kikatizi yaweza kufuga samaki wake katika bwawa la uani, pasipo umeme, na mafunzo yakawa yale yale.

Kikatizi nacho si kinga kamili. Mtu akishika waya zote mbili kwa pamoja, huku hajagusana na ardhi, kifaa huona hesabu imetimia wala hakikati. Kwa sababu hiyo desturi njema haziepukiki. Ya kwanza, na iliyo kubwa, ni kuchomoa plagi zote kabla ya kutia mkono majini. Ya pili, kila waya ushuke chini ya usawa wa soketi kisha upande tena, ili matone yafuatayo waya yadondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Ya tatu, pampu ya hewa iwekwe juu ya usawa wa maji. Umeme ukatikapo, jambo tulilolizoea, pampu husimama na maji huweza kurudi kwa kupitia mpira hadi ndani yake; umeme urudipo hukuta pampu imejaa maji. Ya nne, hita ya kioo isiachwe ikiwaka nje ya maji, maana hupata moto kupita kiasi na hupasuka ikimwagiwa maji baridi. Ya tano, tuache ule mtindo wa kulazimisha plagi ya miguu miwili katika soketi ya matundu matatu kwa kusukumia kalamu. Ya sita, kitufe cha kujaribia kikatizi kibonyezwe kila mwezi.

Yafaa pia kujiuliza kama hita yenyewe yahitajika. Samaki wa Ziwa Tanganyika wamezoea maji ya nyuzi 25 hivi za sentigredi. Dar es Salaam au Mombasa maji ya ndani ya nyumba hukaribia joto hilo yenyewe. Nairobi na Mbeya ni habari nyingine. Kifaa kilicho salama kuliko vyote ni kile ambacho hakikutiwa majini.

Nawaomba walimu wa fizikia waitoe hesabu ile ya ampea 0.23 na ampea 13 ubaoni, wakati wa somo la mkondo na ukinzani, na wawaache wanafunzi waikamilishe wenyewe. Ukweli huo hauhusu tangi tu. Wanafunzi wengi huchemsha maji ya kuoga kwa hita ya koili iliyotumbukizwa ndoo ya plastiki, nao hupima joto kwa kidole huku umeme unawaka. Ndoo ile haina hata samaki wa kumdanganya mtu, na hatari yake ni ile ile. Anayejua kwamba fyuzi haimlindi atachomoa plagi kwanza.