Si Uvivu, Huenda ni Ugonjwa

Mama akijifungua salama nyumba yote hufurahi. Lakini baada ya miezi michache pengine maneno huanza: "Huyu siku hizi mvivu. Halimi, hachoti maji, analala mchana kutwa." Wengine hunong'ona kwamba amerogwa. Juma hili tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja usioonekana mara nyingi, ambao ukidhaniwa kuwa uvivu waweza kuua.

Chini ya ubongo, nyuma ya pua, iko tezi iitwayo pituitari. Ukubwa wake ni kama punje ya njegere, na uzito wake yapata nusu gramu. Ingawa ni ndogo hivyo, ndiyo msimamizi wa tezi nyingine. Huamuru maziwa yatengenezwe na hedhi ije kwa wakati wake. Huiamuru tezi ya shingoni ifanye kazi, na huziamuru tezi mbili zilizo juu ya figo zitoe kotisoli. Kotisoli ndiyo inayomwezesha mtu kustahimili homa, jeraha na kupasuliwa. Asiye nayo aweza kufa kwa maradhi ambayo mwenzake angepona.

Basi, mara chache hutokea kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hukosea ikaishambulia tezi hii. Tezi huvimba na kazi yake huharibika. Madaktari huuita ugonjwa huu haipofisitisi. Mara nyingi aina hii huwapata wanawake katika miezi ya mwisho ya mimba au miezi ya kwanza baada ya kujifungua, lakini wanaume nao huugua. Pengine uvimbe huletwa na kifua kikuu, au na dawa fulani za saratani zinazochochea kinga ya mwili.

Mwaka 1962 madaktari Goudie na Pinkerton wa Uingereza waliandika habari za mwanamke wa miaka 22. Alikuwa amejifungua mtoto wa pili zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Akashikwa na ugonjwa wa kidole tumbo, akapasuliwa, na saa chache baadaye akafa. Mwili ulipochunguzwa, pituitari ilionekana imejaa chembe nyeupe za damu, na tezi za juu ya figo zimenyauka. Operesheni ambayo wengi huipona yeye hakuiweza, maana kotisoli ilikuwa imekwisha mwilini, wala hakuna aliyejua.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu ya ugonjwa huu ni haya: kichwa kuuma sana siku nyingi, macho kuona mbele tu, pembeni giza, maziwa kukauka, hedhi kutorudi hata baada ya kuacha kunyonyesha, uchovu usioisha kwa kulala, kichefuchefu, kukonda, na kizunguzungu akisimama. Wengine huwa na kiu kubwa na kukojoa mno, na kumbe mkojo hauna sukari.

Mwelezeni daktari habari zote, hata za siku ya uzazi. Kama mama alivuja damu nyingi mno, huenda tezi ilikufa kwa kukosa damu, kama alivyoeleza Daktari Sheehan mwaka 1937. Daktari atapima kotisoli katika damu asubuhi, pamoja na chumvi ya damu na kazi ya tezi ya shingoni. Atapima macho pia, na kuagiza picha ya MRI ya kichwa katika hospitali kubwa. Uvimbe huu hufanana na ule wa kawaida wa tezi hiyo, hata wengine wamepasuliwa bila sababu. Kwa hiyo ni muhimu kutaja kwamba dalili zilianza wakati wa uzazi. Lakini mgonjwa aliyezidiwa asingojee picha wala majibu: damu ikishachukuliwa, apewe sindano ya haidrokotisoni mara moja.

Dawa zipo. Kotisoli iliyopungua hurudishwa kwa vidonge vya haidrokotisoni, au prednisoloni mahali isipopatikana. Hii hutangulia, ndipo dawa ya tezi ya shingoni ifuate. Ikitangulia ile ya pili, mgonjwa aweza kuzidiwa. Kama kichwa chauma mno au macho yafifia, daktari aweza kutoa prednisoloni nyingi zaidi ili kupunguza uvimbe, baada ya kuhakikisha si kifua kikuu. Kupasuliwa ni kwa wachache, hasa ambao macho yao yamo hatarini.

Wengine hupona, na wengine hunywa vidonge maisha yao yote. Huyu wa pili asiviache hata siku moja kwa kuwa anajisikia vizuri. Akipata homa, aongeze dawa kama alivyoelekezwa na daktari. Akitapika, akimbizwe hospitali apigwe sindano. Tena awe na karatasi yenye jina la ugonjwa wake, ili hata akizimia njiani watu wajue la kufanya.

Nawe baba mwenye nyumba, na wewe mama mkwe, mkimwona mzazi hana nguvu mwezi baada ya mwezi, msimseme. Mpelekeni akapimwe.