Kabla ya Boti Kwa Mto Nairobi, Tupake Rangi Kwa Daraja

Wasee, hii stori ya boti imeanza tena. Tangu mradi wa kufufua Mto Nairobi uzinduliwe Machi 2025, kila nikiposti picha ya mto lazima mtu aniambie siku moja tutapanda boti kutoka Gikomba hadi Dandora, kama wale wa Uingereza wanaoishi kwa mashua nyembamba. Mi sipingi. Lakini hizo video nimezitazama sana, na kuna kitu mnaruka.

Zile mashua, upana kama mita 2 tu, zilitengenezewa mifereji. Mfereji ni maji yaliyochimbiwa njia na kufungiwa kwa malango, yanakaa tu. Injini ikizima unaruka kando, unafunga kamba, unachemsha chai. Sasa mcheki mwenye mashua akitoka mfereji kuingia mto kama Trent ama Severn. Anabadilika kabisa. Kabla lango lifunguliwe, nanga iko tayari na mnyororo wake, injini imekaguliwa, jaketi za kuelea zimevaliwa. Kwa mto, injini ikizima maji ndiyo dereva. Na kabla aingie anaangalia ubao wa rangi kando ya maji: kijani, enda, manjano, chunga, nyekundu, kaa ulipo.

Huo ubao ndio umenishika. Sisi Eastlands tumeishi na mto kama mtaro, pahali pa kutupa taka na kuruka. Halafu Aprili 2024 Mto Mathare ukapanda usiku, ukabeba watu na nyumba. Mvua inaweza kunyesha kule juu Kikuyu, na Korogocho bado kukavu, kumbe maji yako njiani. Onyo letu ni nini? Kelele za jirani.

Yaani mtu ako likizo na mashua anapewa rangi tatu. Mama mwenye kibanda ukingoni hapewi hata moja. Inaniuma.

Na si kitu ya tenda (ingawa Nairobi hata rangi itatafutiwa tenda). Nguzo ya daraja, mkebe wa rangi, na msee wa kuangalia. Vijana wa Climate WorX wanashinda huko mtoni tayari. Waulizwe maji yakifika wapi ndio watu huanza kubeba watoto, hapo ndipo nyekundu inapakwa. Tuanze na daraja la Outering, pale Kariobangi. Boti ikija baadaye, niwekeeni kiti cha mbele na jaketi.