Kutabiri Teknolojia: Fundi na Mkulima Nao Waulizwe

Kila mwalimu wa shule ya msingi ni mtabiri, apende asipende. Mtoto aliye darasa la kwanza leo pale Ikuti atakuwa akijitafutia riziki katika miaka ya 2040, na mwalimu anapoamua mkazo autie wapi huwa amekwisha kukisia vyombo atakavyotumia mtoto huyo. Kwa bahati mbaya aghalabu twakisia ovyo. Katika vikao vyetu mkuu husema kwanza, mwalimu mkongwe huafiki, nasi wengine hutikisa vichwa. Hayo twayaita makubaliano.

Ipo njia iliyobuniwa kuutibu ugonjwa huo, nayo yafaa wanachuo waijue. Yaitwa Delphi, kwa jina la mahali pa kale huko Ugiriki ambapo watu walikwenda kuaguliwa. Norman Dalkey na Olaf Helmer wa shirika la RAND, Marekani, waliijaribu mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa wataalamu 7 na duru 5 za maswali, kuhusu mambo ya vita. Kila mtaalamu hujibu kwa maandishi, peke yake, bila kujua mwenzake kasema nini. Kiongozi huyapanga majibu, hutafuta jibu la kati, kisha huwarudishia wote. Aliye mbali na wenzake huombwa aeleze sababu zake. Sababu hizo husambazwa bila jina, na kila mmoja ana hiari ya kubadili jibu lake au kulishikilia. Hivyo hoja hupimwa kwa uzito wake, si kwa mvi za aliyeitoa.

Hata hivyo, tusiifanye kuwa mganga mpya. Mwaka 1964 Helmer na Theodore Gordon walitoa taarifa ya majopo kama hayo. Majopo yalitazamia kwamba kabla ya karne ya 20 kwisha kungekuwa na kituo cha binadamu mwezini, na umeme utokanao na kuunganisha viini vya atomu. Mpaka leo hatuna hata kimoja. Wataalamu wanaweza kukosea kwa pamoja, hasa wakiwa wote wa kazi moja.

Hapa ndipo pana shabaha yangu. Huduma ya M-Pesa ilipofanyiwa majaribio nchini Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa kuwasaidia wakopaji kurejesha mikopo yao kwa simu. Wakopaji wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilitangazwa kuwa njia ya kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikaanza Tanzania. Matumizi hayo yalionyeshwa na wakopaji wenyewe, nami sidhani kwamba jopo la mabwana wa benki peke yao lingeyatabiri. Kwa hiyo, jopo la kutabiri mambo ya Rungwe likiundwa, nataka kuona humo mkulima wa chai, fundi simu wa Tukuyu, wakala wa pesa, mama auzaye ndizi sokoni, na mwalimu wa darasa.

Mwenzangu mmoja amenipinga akisema kwamba kuficha majina ni kuwavunjia wazee heshima. Sikubaliani naye. Karatasi ya mzee husomwa kama zilivyo nyingine, na ikiwa na hoja nzito itawavuta wengine bila yeye kukohoa.

Muhula uliopita niliwauliza wanachuo wangu: ni lini vishikwambi, mfano wa vile vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu baadaye, vitakuwa mikononi mwa kila mwanafunzi wa darasa la sita? Kwa mdomo, wote walimfuata msemaji wa kwanza. Kwa karatasi, majibu yalitawanyika kama kuku walioona mwewe. Mmoja aliandika kwamba vishikwambi vitafika mapema, ila mahali pa kuvichaji na mtu wa kuvitengeneza ndivyo vitakavyochelewa. Niliposoma sababu hiyo bila jina, wengi walisogeza miaka yao mbele. Baadaye mwandishi wake alinijia akajitambulisha: alikuwa mwanachuo ambaye tangu muhula uanze hakuwahi kunyoosha mkono.

Mtakaokwenda mazoezini, chukueni swali moja tu la namna hii, mkawaulize wazazi na mafundi wa kijiji kwa duru mbili. Asiyejua kuandika aulizwe faraghani, na jibu lake liandikwe kama alivyolisema.