Mabanzi si taka, wala si nguzo bila ujuzi

Majuzi niliwauliza wanafunzi wangu maana ya neno 'banzi'. Mmoja alijibu kuwa ni kuni. Mwingine akasema ni ukuta wa maskini. Hakuna aliyekumbuka kwamba banzi ni ubao. Aghalabu jina tunalokipa kitu ndilo huamua tutakavyokitumia.

Huko Elburgon, gogo linapopasuliwa, ubavu wake wa nje wenye maganda hukatwa na kuwekwa kando. Hayo ndiyo mabanzi. Mengi huishia jikoni, ilhali sote twalalamika kwamba mbao ni ghali. Ikumbukwe kuwa ukataji miti katika misitu ya umma ulipigwa marufuku Februari 2018, na serikali haikutangaza kuondolewa kwa marufuku hayo hadi Julai 2023. Taifa lililoonja uhaba huo lingepaswa kuheshimu kila kipande.

Je, mabaki haya yaweza kubeba paa? Naam, lakini kwa masharti. Mnamo 1906 Mjerumani Otto Hetzer alipata hataza ya mihimili iliyoundwa kwa mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi. Katika kazi ya namna hiyo mbao hukaushwa, sehemu zenye mafundo na nyufa huondolewa, kisha vipande vifupi huunganishwa nyuzi zake zikielekea upande mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Banzi bichi lililopigwa misumari tu ni jambo jingine. Mbao za pembeni mwa gogo ndizo huvamiwa upesi na wadudu na uozo. Nasi walimu hatujasahau Septemba 2019, darasa la mbao na mabati lilipoporomoka Dagoretti, Nairobi, na kuwaua wanafunzi wasiopungua 7. Sisemi kwamba mabanzi ndiyo yaliyowaua. Nasema kuwa ujenzi usiokaguliwa huua, uwe wa mbao au wa mawe.

Kwa hivyo natoa rai. Vyuo vyetu vya ufundi vifundishe kukausha, kutia dawa na kuunganisha mabaki ya mbao. Wahusika nao waweke viwango vya kuyapima kabla hayajauzwa kwa mjenzi. Hadi hapo, mabanzi na yazibe kuta na nyua. Yasibebe sakafu ya juu wala paa ambalo watoto wa watu huketi chini yake wakisoma. Tukiyaita taka tutayachoma. Tukiyaita nguzo kabla ya wakati, tutazika.