Nyumba na Malezi: Sayansi Huanzia Jikoni

Wako wazazi wengi ulimwenguni wanaoamini kwamba sayansi ni mali ya watu wengine: ya waliosoma sana, ya wenye fedha, au ya wanaosema lugha ya wakubwa. Imani hiyo haitangazwi kwa sauti. Hutoka kwa upole kinywani mwa mama, pale bintiye anapouliza kwa nini mvuke huinua kifuniko cha sufuria, naye akamjibu, "Kamwulize mwalimu wako." Mtoto akijibiwa hivyo mara kumi, ya kumi na moja haulizi tena.

Jambo hili limewagusa sana watu wa Marekani ambao asili yao ni Meksiko, Puerto Rico, Kuba na nchi nyingine zilizotawaliwa zamani na Hispania. Idadi yao inazidi milioni 60, na katika nyumba zao nyingi husemwa Kihispania. Hesabu zilizotolewa mwaka 2021 na Pew Research Center zilionyesha kwamba katika kila wafanyakazi 100 wa nchi hiyo, 17 walikuwa wa asili hiyo. Lakini katika kila 100 wa kazi za sayansi, uhandisi na hesabu, walikuwa 8 tu.

Asidhani mtu kwamba akili ndiyo iliyopungua. Mwaka 1982, katika shule ya Garfield iliyoko mashariki ya Los Angeles, mtaa wa wafanyakazi wa kipato kidogo, wanafunzi 18 wa Mwalimu Jaime Escalante, mzaliwa wa Bolivia, walifaulu mtihani mgumu wa kalkulasi. Wasimamizi wa mtihani wakazishuku karatasi 14 kwa kuwa makosa yake yalifanana. Vijana 12 wakakubali kuketi upya, na wote 12 wakafaulu. Mwalimu huyo alikuwa akiwasisitizia neno moja la Kihispania, "ganas", yaani ile hamu ya moyoni inayomsukuma mtu kujitahidi.

Kikwazo cha kwanza, basi, ni dharau. Cha pili ni kuhamahama. José Hernández alizaliwa mwaka 1962 huko California, katika familia ya vibarua wa mashambani waliotoka Michoacán, Meksiko. Kila mwaka familia hiyo ilifuata mavuno kutoka shamba hadi shamba, kisha ikarudi Meksiko, na watoto wakabadilisha shule kama watu wanavyobadilisha shati. Mwalimu wake wa darasa la pili alikwenda nyumbani kwao, akawasihi wazazi watulie mahali pamoja ili watoto wasome. Wazazi hao, ambao wenyewe hawakupata elimu kubwa, walikubali, wakakaa Stockton.

Desemba 1972 kijana huyo, akiwa na miaka kumi, alitazama katika televisheni safari ya mwisho ya Apollo kwenda mwezini, akamwambia baba yake kwamba naye atakuwa mwanaanga. Baba hakumcheka. Alimpa masharti matano: jua unakotaka kufika, jua uko umbali gani, chora njia ya kukufikisha, pata elimu inayohitajiwa, fanya kazi kwa bidii. Kijana aliyejua Kiingereza akiwa tayari na miaka 12 akawa mhandisi wa umeme. Aliomba kujiunga na wanaanga, akakataliwa mara 11. Mwaka 2004 akakubaliwa, na Agosti 2009 akaruka katika chombo cha Discovery.

Kikwazo cha tatu ndicho kinachojificha zaidi, nacho ni kudhani kwamba nyumbani hakuna sayansi. Wanawake wa Meksiko, tangu enzi za mababu, huchemsha mahindi katika maji ya chokaa, wakayaacha usiku kucha, wakayaosha maganda yakatoka, ndipo wakayasaga kutengeneza chapati zao ziitwazo tortilla. Chokaa hiyo huifungua vitamini ya niasini iliyofungwa ndani ya punje. Mahindi yalipopelekwa Ulaya bila ujuzi huo, maskini walioyategemea peke yake walipatwa na pelagra, ugonjwa unaochubua ngozi, unaoharisha na kuvuruga akili. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliua maelfu ya watu kusini mwa Marekani. Bibi aliyekuwa na tiba hiyo chunguni mwake hakuitwa mwanasayansi, wala mjukuu wake hakuambiwa kwamba kazi ile ni kemia.

Mario Molina, aliyezaliwa Mexico City mwaka 1943, alikuwa na bahati ya kuambiwa. Wazazi wake walimwachia chumba cha kuogea kisichotumika akafanya maabara, na shangazi yake mkemia akamsaidia majaribio. Mwaka 1995 alishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kuonyesha jinsi gesi zilizotumika katika majokofu zinavyoharibu tabaka la ozoni linalotukinga na jua kali.

Ndiyo maana chama cha wahandisi wa asili hiyo, kilichoundwa Los Angeles mwaka 1974, huandaa usiku wa sayansi ambapo wanafunzi huja pamoja na wazazi wao. Mzazi akishika kifaa kwa mkono wake, hofu hupungua nyumba nzima.

Familia za askari zinaweza kuitambua hali hii, maana uhamisho hauulizi kama mtoto amemaliza muhula. Amri haikataliwi, lakini baba anaweza kumwacha mtoto kwa ndugu hadi mtihani upite, na mama anaweza kwenda kuonana na mwalimu mpya katika juma la kwanza. Na swali la mtoto lisifukuzwe jikoni. Mzazi asiyejua jibu aseme, "Sijui, tutazame pamoja," kisha kifuniko kiinuliwe, mvuke utazamwe. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ujinga huanza siku ambayo mtoto amenyamaza na mzazi akaona amepata utulivu.